Mapigano ni moto, lakini shujaa hawamjali

*Nachora katuni kwa mtindo wa manga: msichana wa Ngong anapigana na mazimwi. Marafiki wanasifu mapigano, ila shujaa wangu hawamjali. Nimekosea wapi?*
*Mchoraji, Embulbul*

Mchoraji, mkono wako uko sawa. Wasomaji wanaona mapigo bila kumwogopea msichana, kwa sababu ameshika silaha kabla hawajamfahamu.

Tazama manga ya Kimetsu no Yaiba ya Koyoharu Gotouge, iliyotoka Japani 2016 hadi 2020. Katika sura ya kwanza shujaa wake, Tanjiro, anashuka mlimani kuuza makaa na watu wanamwomba msaada huu na ule. Akirudi, karibu familia yake yote imeuawa. Ni kurasa chache, lakini tunajua amepoteza nini. Hata mazimwi mengi hukumbuka ubinadamu wao yanapokufa, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Kinyume chake, manga nyingine, Jujutsu Kaisen, iliyoisha 2024, ilifululiza mapigano mno kuelekea mwisho. Kwangu mimi, baadhi ya wahusika walikufa kabla hatujapata nafasi ya kuwalilia.

Kabla ya pambano lijalo, chora kurasa tatu za msichana nyumbani: anamficha nani siri, anaogopa nini. Pambano limgharimu kitu, kisha mwache apumue ukurasa mzima juu ya vilima vya Ngong, bila maneno. Zimwi nalo lipe sababu ya njaa yake.

Halafu mpe asiyekujua asome, umwulize msichana anataka nini. Wasomaji kadhaa wakishindwa kujibu, tafuta mwandishi mshirikiane. Shujaaz, katuni ya Kenya tangu 2010, ni kazi ya timu.