Notisi kwa Mpangaji wa Mwezi kwa Mwezi

Wenye nyumba wengi wa Ubena, Chalinze na Bagamoyo mjini hupangisha kwa mdomo, au mkataba huisha na kodi ikaendelea kupokelewa bila karatasi mpya. Mpangaji wa namna hiyo si mvamizi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, upangaji wake ni wa kipindi, na kipindi hufuata malipo ya kodi. Aliyezoea kupokea ya miezi mitatu kwa mkupuo ahesabu notisi ya miezi mitatu, ndiyo salama. Kama mkataba ulio hai unataja muda wa notisi, fuata huo.

Notisi isipungue kipindi hicho, na iishie siku ya kulipa kodi. Wengi hukwama hapa. Tuseme kodi hulipwa kila tarehe 5. Barua ikimfikia mpangaji tarehe 2 Juni, upangaji unaweza kukoma 5 Julai. Ikimfikia 12 Juni, mwezi unatimia 12 Julai, ambayo si siku ya kodi. Andika 5 Agosti. Wiki hizo za ziada zinauma, lakini ni nafuu kuliko kuanza upya.

Barua iwe fupi: “Nakuarifu kuwa upangaji wako wa vyumba viwili utakoma tarehe 5 Agosti. Tafadhali kabidhi funguo siku hiyo.” Toa nakala mbili, asaini moja ubaki nayo. Akikataa kusaini, mpe mbele ya shahidi, ikiwezekana mwenyekiti wa kitongoji au mtaa. Usitegemee ujumbe wa simu peke yake. Tarehe ikishapita, usipokee kodi ya mwezi mpya, maana atadai mmeanza upya.

Asipohama, usibadili kufuli, usikate umeme wala usiezue bati. Peleka shauri Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 husuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, au siku 30 zikipita bila muafaka, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Amri ya kumtoa hutolewa huko, nayo hutekelezwa na dalali wa baraza, si vijana wa kijiweni.

Mpangaji naye anafungwa na kanuni hiyohiyo: akitaka kuhama, atoe notisi ya urefu uleule.