Kikombe cha ekseli kinachogoma kuingia

*Nimenunua ekseli mpya ya pedeli. Kikombe cha upande wa mnyororo hakishiki hesi hata nikikilazimisha. Je, fremu imeharibika?*
*Msomaji, Morogoro*

Mara nyingi kasoro si ya fremu bali ya mwelekeo wa kuzungusha. Kwenye fremu za kipimo cha Kiingereza, kikombe cha upande wa mnyororo kina hesi za kushoto: hukazwa kinyume na mwendo wa saa. Cha upande wa pili hukazwa kama skrubu ya kawaida. Bila mpangilio huo, mzunguko wa mzigo ndani ya beringi ungekilegeza kikombe kidogo kidogo. Fremu za Kiitaliano ni tofauti: vikombe vyote viwili hukazwa kwa mwendo wa saa, na bomba la fremu linalobeba ekseli lina urefu wa milimita 70 badala ya 68 au 73, kwa hiyo kupima kwanza ni busara.

Hesi husafishwa, hupakwa grisi, kisha kikombe huzungushwa kwa vidole mizunguko mitatu au minne. Spana ikitangulia, hesi hukatika, na fremu ni ghali kuliko ekseli. Kikombe kikizidi kugoma, au vipande vya chuma vikionekana kwenye grisi, kazi hiyo ni ya fundi mwenye tepu za kukatia hesi, ya kushoto na ya kulia.