Chupa Irudi Dukani, Lakini Isirudi na Uongo

Na Mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, Lupepo, Tukuyu

Katika miaka ya karibuni makampuni makubwa ya vipodozi huko Ulaya na Marekani yamekuwa yakijitangaza kwa jambo wanaloliita jipya. Mteja anunue chupa ya manukato au losheni mara moja, na ikiisha aijaze tena badala ya kununua nyingine. Hata kwao si jambo la jana. Mwaka 1976 Anita Roddick alipofungua duka la kwanza la The Body Shop katika mji wa Brighton, Uingereza, alikuwa akiwajazia wateja chupa zao kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na chupa za kutosha. Mwaka 1992 manukato ya Angel ya Thierry Mugler yalitoka yakiwa na chupa ya kujazwa upya.

Ndugu msomaji, kwetu sisi jambo hili tumelirithi. Mrashi wa kunyunyizia marashi arusini na maulidini ulikuwa ukijazwa na kurithishwa, wala hakuna aliyefikiria kuutupa. Muuza manukato wa Kariakoo au wa Darajani, Unguja, hupima mafuta yake kutoka katika chupa kubwa na kuyamimina katika kichupa: robo tola, nusu tola, au tola nzima ya mililita 12 hivi. Mafuta ya nazi nayo hupimwa, mteja akaja na chupa yake.

Kilichobadilika ni plastiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha kuwa katika taka zote za plastiki zilizokuwa zimezalishwa duniani hadi mwaka 2015, ni asilimia 9 hivi tu zilizorejelezwa viwandani. Nyingi ya zilizobaki zimo madampo au zimezagaa ardhini na majini. Huku Rungwe tunaiona maana ya takwimu hiyo kwa macho. Nchi yetu ni ya milima na mvua nyingi. Kopo la losheni lililotupwa pembezoni mwa migomba husombwa hadi mtoni, na mto kama Kiwira huteremka Kyela na kuingia Ziwa Nyasa. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Juni 1, 2019 haikuzigusa chupa za vipodozi. Kwa hiyo anayejaza chupa ile ile mara kumi amepunguza makopo tisa, na amejiepusha kulipia kifuniko na boksi ambavyo hana haja navyo.

Hapa ndipo linapokuja swali zito. Kama kujaza upya kuna kheri yote hii, kwa nini wengi wetu tunaogopa kununua kipodozi ambacho kopo lake limefunguliwa?

Jibu liko mitaani. Chupa tupu ina masoko mawili. Moja ni la mtu mwaminifu anayepima mafuta mbele ya macho yako. La pili ni la mkorogo, ambapo krimu huchanganywa chumba cha nyuma na kutiwa katika kopo lenye jina la bidhaa nyingine. Humo huweza kuwamo zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini mwetu. Zebaki hupenya ngozi, huharibu figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Tangu Julai 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Lakini alama ya ubora iliyo juu ya kopo la zamani inashuhudia kile kilichokwisha. Haishuhudii kilichomiminwa jana usiku.

Tukirejea katika mafundisho ya Mtume (s.a.w) tunapata ufumbuzi. Wakati pombe ilikuwa imezoeleka, aliwakataza watu kutumia baadhi ya vyombo vilivyokuwa vikichachushia vinywaji. Baadaye, kama ilivyopokewa na Imam Muslim, aliwaruhusu kutumia vyombo vyote, akabakisha katazo kwa kile kinacholevya. Hukumu ikakaa kwenye kilichomo, chombo chenyewe kikaachwa huru. Aidha, Abu Huraira (r.a) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta unyevu chini. Akamuuliza muuzaji kwa nini hakuuweka juu watu wakauona, kisha akamkana mwenye kughushi. Lundo lile lilikuwa na sura ya juu na ukweli wa chini. Kopo la mkorogo nalo ndivyo lilivyo: jina nje, sumu ndani.

Kwa hiyo anayetaka kuuza kwa kujaza, na vikundi vya kina mama wanaotengeneza sabuni na mafuta vimo humu, hana budi kuzingatia haya.

Kwanza, aondoe jina la zamani na kuandika la kweli: ni kitu gani, kina nini ndani, kimetengenezwa lini na nani. Sabuni ya maji katika chupa ya maji ya kunywa isiyo na maandishi ni hatari kwa mtoto mwenye kiu.

Pili, atofautishe mafuta na losheni. Mafuta matupu, kama ya nazi au manukato yasiyo na maji, bakteria hawastawi humo kirahisi. Losheni ina maji, na maji ndiyo makazi yao. Chupa yake ioshwe kwa sabuni na ikauke kabisa kabla ya kujazwa. Kumiminia losheni mpya juu ya mabaki ya zamani ni kuipandikizia uchafu. Chupa ya kioo ni bora zaidi, maana huvumilia maji ya moto na haishiki harufu.

Tatu, vya machoni visijazwe wala kuazimana. Wanja wa mtu ni wake peke yake.

Nne, apime mbele ya mteja, na kipimo kitimie. Surat al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo, na tone la udi ni ghali kuliko kibaba cha nafaka.

Mnunuzi naye ana wajibu wake. Kopo la krimu ulilolimaliza, ukilitupa au kumpa mwokotaji, lichane karatasi yake kwanza, usije ukamfadhili mghushi kwa jina la kopo lako. Na muuzaji akikataa kukuambia kilichomo, ondoka na chupa yako tupu. Dada zetu wanadhurika ngozi na figo kwa kuona haya kuuliza swali moja dukani.

Wabillahi tawfiq.