Neno moja kichwani: wanachojua wacheza gofu

Hebu shika kalamu uandike jina lako kama unavyoliandika kila siku. Umemaliza? Sasa liandike tena, ila safari hii fuatilia kila kitu: kidole gumba kinabonyeza vipi, kiwiko kiko wapi, mkono unapinda lini. Mwandiko umeharibika, si ndiyo? Au umekuwa wa polepole kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Kuandika hujasahau. Umeingilia tu kazi ambayo mkono ulikuwa unaifanya vizuri peke yake.

Wacheza gofu wanalijua tatizo hili kuliko watu wengi. Labda wewe hujawahi kugusa fimbo ya gofu. Pengine unaujua tu ule uwanja wenye ua mrefu unaoupita ukiwa kwenye basi, au una kaka anayebeba mifuko ya fimbo siku za Jumamosi. Haidhuru. Katika soka mpira unakujia na beki yuko mgongoni, huna nafasi ya kuwaza sana. Katika gofu mpira umelala chini, umetulia, unakusubiri. Una muda wote wa kujijaza maneno: mkono wa kushoto unyooke, kichwa kisiinuke, jana niliupeleka majini, leo nisiupeleke majini, na wale pale wananitazama.

Sasa angalia muda wenyewe. Kuanzia kuinua fimbo mpaka kuugonga mpira ni kama sekunde moja hivi. Kule kuishusha peke yake ni kama robo ya sekunde. Ndani ya robo sekunde hakuna mwili unaoweza kupokea maagizo matano na kuyatimiza.

Neno la kujiongoza

Ndiyo maana wacheza gofu hodari huchagua wazo moja, mara nyingi neno moja, la kushika wakati wa kupiga. Mwaka 2014 Rory McIlroy wa Ireland Kaskazini alishinda mashindano makubwa ya Open kule Hoylake, Uingereza. Waandishi walikuwa wakimwuliza siri yake ni nini. Baada ya kushinda aliitaja: maneno mawili tu. La kwanza lilikuwa "utaratibu", yaani kuamua vizuri na kupiga vizuri bila kuhesabu matokeo. La pili lilikuwa "alama". Akiwa karibu na shimo, alichagua alama kwenye nyasi na kuuviringisha mpira upite juu yake. Shimo lenyewe hakulihangaikia.

Jack Nicklaus wa Marekani, aliyeshinda mashindano makubwa 18, alikuwa na yake inayofanana na hiyo. Alitafuta jani au doa hatua chache mbele ya mpira, kwenye mstari wa kule anakolenga, akajipanga kwa kufuata doa hilo. Doa la karibu ni rahisi kulilenga kuliko bendera iliyo mbali. Wengine huhesabu tu kimoyomoyo, "moja" wakati wa kuinua na "mbili" wakati wa kugonga, ili mwendo usiwe wa pupa.

Umeona maneno haya yanafanana wapi? Hayataji bega wala kiwiko. Yanataja alama, doa, mdundo. Mwaka 1999 mtafiti Gabriele Wulf na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa watu waliokuwa wanaanza kujifunza gofu. Kundi moja liliambiwa lizingatie mikono inavyozunguka, jingine lizingatie fimbo inavyozunguka. Kundi la fimbo lilipiga vizuri zaidi, na siku iliyofuata bado lilikuwa mbele.

Lakini mwalimu anataka nitazame mguu!

Na ana haki, kama wewe bado ni mwanafunzi wa jambo hilo. Mwaka 2002 Sian Beilock na wenzake walichapisha majaribio mawili, na moja lilikuwa la mpira wa miguu. Wachezaji walipiga chenga kati ya vizuizi. Wazoefu wakitumia mguu wa kulia walifanya vibaya walipotakiwa kuchunguza mguu wao unavyogusa mpira. Walipopewa kazi nyingine ya kusikiliza, walikwenda vizuri zaidi. Wale wapya, kinyume chake, walisaidiwa na kuchunguza. Kinachonifurahisha mimi ni hiki: wale wazoefu walipotumia mguu wa kushoto, ambao hawakuuzoea, nao walisaidiwa na kuchunguza. Kumbe mtu mmoja anaweza kuwa mwalimu kwa mguu wa kulia na mwanafunzi kwa wa kushoto.

Kwa hiyo mazoezini jifunze hatua kwa hatua. Siku ya mechi beba neno moja.

Na neno hilo liwe la kutenda. "Nisipaishe" ni neno baya kwa mpiga penalti. Mwaka 1998 Daniel Wegner na wenzake walionyesha kwamba watu walioambiwa wasipitishe mpira wa gofu mbele ya pale palipolengwa, huku wakiwa wamebebeshwa tarakimu za kukumbuka kichwani, ndio waliozidi kuupitisha. Sema "kona ya chini". Mdakaji wa netiboli aseme "mikono juu".

Je, mtihani? Neno fupi kama "swali hili" linaweza kukurudisha kwenye karatasi pale macho yanapoanza kumtazama jirani anayeomba karatasi ya pili. Usitegemee zaidi ya hapo. Neno haliwezi kukuletea sura ya Bayolojia ambayo hukuisoma.

Vidonge vya kutuliza mkono

Hapa tuseme wazi. Kuna dawa za moyo zinazopunguza mapigo na kutetemeka, na wapo wanaozimeza kabla ya mchezo au mtihani. Katika mashindano ya gofu zimepigwa marufuku na kanuni za kimataifa. Kwako wewe hatari ni kubwa kuliko kufungiwa mchezo: mwenye pumu anaweza kubanwa vibaya sana na dawa hizo. Usipokee kidonge cha rafiki, hata akisema mjomba wake anakitumia kila siku. Pombe "kidogo tu" nayo inalegeza mkono pamoja na akili.

Kama moyo unakwenda mbio karibu kila siku, hulali, au umeanza kukwepa shule, hilo si jambo la neno moja. Mwambie mwalimu wa ushauri, mzazi au mganga wa zahanati. Hata kwa wacheza gofu, wapo ambao mkono hushtuka wenyewe kwa sababu ya mishipa ya fahamu, na hao huhitaji daktari.

Jaribu na mwenzako

Kunja soksi ziwe mpira, weka ndoo hatua nne mbele yako. Rusha mara kumi ukiwaza kifundo cha mkono. Rusha kumi nyingine ukitazama ukingo wa ndoo na kusema "ukingo". Kisha kumi kwa mkono usiouzoea, ukianza na kifundo. Mwenzako aandike idadi zilizoingia, halafu mbadilishane. Msikubali matokeo ya siku moja. Rudieni kesho, mkianza na "ukingo".