Mkia wa Trekta na Sikio la Plau: Tafsiri ya Istilahi za Zana za Kilimo kutoka Kiingereza hadi Kituruki

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa tafsiri katika vyuo vyetu tumezoea kujadili matini za fasihi. Tunabishana kuhusu tamathali, mizani na ladha ya lugha, lakini ni nadra kumwona mwenzetu akiketi na mwongozo wa trekta. Hali hii inashangaza, kwani kosa katika tafsiri ya shairi humpunguzia msomaji burudani, ilhali kosa katika mwongozo wa mashine laweza kumpotezea mkono.

Makala haya yanachunguza namna istilahi za zana za kilimo zinavyotafsiriwa kutoka Kiingereza hadi Kituruki. Kituruki kimeteuliwa kwa sababu, kama Kiswahili, kilipokea maneno mengi kutoka Kiarabu, kisha katika karne ya 20 kikakabiliwa na wimbi la mashine ambazo hazikubuniwa na wasemaji wake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba istilahi ya mashine haipimwi kwa ukaribu wake na neno la Kiingereza. Hupimwa kwa uwezo wake wa kumwelekeza mtumiaji kwenye kifaa chenyewe.

2.0 Usuli

Istilahi za kilimo cha Uturuki haziwezi kueleweka bila kuangalia mageuzi ya lugha nchini humo. Sheria ya tarehe 1 Novemba 1928 ilileta alfabeti ya Kilatini badala ya ile ya Kiarabu. Tarehe 12 Julai 1932 kikaundwa chama cha uchunguzi wa lugha ambacho leo hujulikana kama Türk Dil Kurumu. Shabaha yake mojawapo ilikuwa kuondoa maneno ya Kiarabu na Kiajemi na kuweka mahali pake maneno yenye mizizi ya Kituruki.

Neno lenyewe la 'kilimo' linaonyesha jinsi kazi hiyo ilivyofaulu nusu. Neno la zamani, ziraat, lenye asili ya Kiarabu, lilipewa mshindani, tarım. Leo wizara inayohusika hutumia tarım. Hata hivyo, benki ambayo chimbuko lake ni mwaka 1863 ingali ikiitwa Ziraat Bankası, na vyuo vikuu vingali na kitivo kiitwacho Ziraat Fakültesi. Maneno yote mawili yanaishi, kila moja na makao yake.

Mashine zenyewe zilifika kwa kasi. Mwaka 1948 Uturuki ilikuwa na matrekta yasiyofika 2,000. Kufikia mwaka 1956, kutokana kwa kiasi kikubwa na msaada wa Marekani chini ya Mpango wa Marshall, idadi hiyo ilikuwa imepita 40,000. Ndani ya miaka minane, watu waliozoea karasaban, yaani plau ya mbao, walihitaji majina ya gia, mikanda, ngoma na shafti. Lugha haikupata nafasi ya kusubiri kamati.

3.0 Njia Tatu za Kuunda Istilahi

3.1 Utohozi

Njia ya kwanza ni kulichukua neno la kigeni na kulivika sauti za wenyeji. Trekta likawa traktör, trela likawa römork, nayo ngoma ya kupuria iliyo ndani ya mashine ya kuvunia ikawa batör. Msomaji atagundua jambo la ajabu: maneno haya yote ni ya Kifaransa. Mashine nyingi zilitoka Marekani, lakini Kifaransa ndicho kilichokuwa lugha ya elimu ya kigeni kwa wasomi wa Kituruki tangu karne ya 19. Kwa hiyo mfasiri wa leo akikutana na istilahi ya Kiingereza, huenda kisawe chake kinamsubiri kikiwa kimevaa vazi la Kifaransa.

Utohozi pia una viwango. Neno pulluk, lenye undugu na Pflug ya Kijerumani na plug ya lugha za Kislavi, liliingia mapema, nalo lilivunja mfuatano wa konsonanti kwa kupachika irabu. Traktör, lililoingia baadaye, lilibaki na konsonanti zake mbili za mwanzo, na tena likakiuka kanuni ya upatanifu wa irabu, kwani a na ö hazikai pamoja katika neno asilia la Kituruki. Kadiri neno linavyokaa ndivyo linavyofunzwa adabu za nyumba.

3.2 Kutaja kazi ya mashine

Njia ya pili ni kuunda nomino kutokana na kitenzi. Mfano bora ni biçerdöver, jina la mashine kubwa ya kuvunia ngano. Kitenzi biçmek ni kukata mazao, na dövmek ni kupiga, kitenzi kitumiwacho pia kwa kupura. Kiambishi -er hapa huonyesha mazoea, sawa na hu- ya Kiswahili. Kwa hivyo jina hilo, likifuatwa neno kwa neno, ni 'hukata-hupiga'.

Tulinganishe na Kiingereza. Neno 'combine' husema tu kwamba mashine hiyo inaunganisha. Halisemi inaunganisha nini. Kituruki kimeacha wazo la kuunganisha na kutaja kazi zenyewe. Aidha, mashine hiyo hupepeta nafaka, lakini kazi hii ya tatu haimo katika jina. Istilahi nzuri si lazima iseme kila kitu. Yatosha iseme kinachotosha kuitambulisha.

Mfano mwingine ni dipkazan, zana ivunjayo tabaka gumu lililo chini ya udongo unaolimwa. Dip ni chini, na kazan ni 'achimbaye'. Mwanafunzi wa mofolojia ya Kiswahili atakumbuka nomino ambatano kama kipaza-sauti na kizima-moto. Mbinu ni moja, ila mpangilio ni kinyume: Kiswahili hutanguliza kitenzi, Kituruki hukiweka mwisho, kama kila lugha inavyofanya katika sentensi zake za kawaida.

3.3 Kuazima viungo vya mwili

Njia ya tatu ndiyo iliyolipa makala haya anwani. Bamba la plau linalogeuza udongo huitwa kulak, yaani sikio, na plau yenye bamba hilo ni kulaklı pulluk, 'plau yenye masikio'. Meno mapana ya kupalilia huitwa kazayağı, 'mguu wa bata bukini'. Kiingereza nacho humtaja bata wa kawaida. Shafti inayochomoza nyuma ya trekta na kuzungusha mashine inayovutwa ni kuyruk mili, 'shafti ya mkia'. Anayetaja hivi ameitazama mashine kama mnyama wa kazi aliyechukua nafasi ya ng'ombe, na jina lake linamwambia msikilizaji mahali pa kuangalia.

4.0 Mitego ya Kamusi

Mfasiri anayetegemea kamusi peke yake hunaswa na maneno ya kawaida kuliko yale magumu, kwa kuwa neno gumu humfanya asite, ilhali neno la kawaida humpita bila salamu.

Chukua neno la Kiingereza 'share'. Kamusi itatoa hisse, neno lile lile la Kiarabu lililotupatia hisa. Lakini katika maelezo ya plau, neno hilo ni chuma kinachokata udongo, nacho kwa Kituruki ni uç demiri, 'chuma cha ncha'. Mkulima akiambiwa akaze skrubu za hisa atadhani ameletewa barua ya benki. Vivyo hivyo 'drill': kamusi huenda ikatoa matkap, kekee ya kutobolea, kumbe kinachozungumziwa ni mashine ya kupandia mbegu.

Mashine hii ya kupandia ina historia itakayomvutia msomaji wetu. Jina lake la zamani ni mibzer, kutoka mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutawanya mbegu. Mzizi huo huo, katika maana ya kutawanya mali, ndio uliotupa badhiri na ubadhirifu. Neno moja lilifika Anatolia likawa chombo cha mkulima, likafika pwani yetu likawa kosa la mtunza hazina. Mfasiri anayeamini kwamba asili ya neno ndiyo maana yake na atafakari hapo.

Mtego mzito zaidi ni ule wa shafti ya mkia. Kiingereza huiita 'power take-off'. Tafsiri sisisi itatoa kitu kama 'uchukuaji wa nguvu', nayo haimfanyi mtu ageuke nyuma kutazama. Shafti hiyo kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa kila sekunde. Nyingine huzunguka mara 1,000. Ikinasa upindo wa nguo, mtu hana muda wa kufikiri. Onyo lisilotaja mkia halijaonya.

5.0 Msomaji ni Nani?

Baadhi ya dhana zina majina mawili yaliyo sahihi. Klachi huitwa debriyaj na madereva, lakini vitabu vya uhandisi hupenda kavrama, 'kushika'. Mashine ya kupandia huitwa pia ekim makinesi. Mfasiri hawezi kuteua bila kujua anamwandikia nani. Sheria ya Uturuki ya kumlinda mtumiaji, namba 6502 ya mwaka 2013, inataka bidhaa ziambatane na mwongozo wa matumizi kwa Kituruki; lakini Kituruki cha mhandisi na cha dereva si kimoja.

Mfano wa mwisho ni bomba la kunyunyizia. Viuatilifu huitwa ilaç, yaani dawa, kama nasi tusemavyo 'kupuliza dawa'. Lugha ya serikali husema bitki koruma ürünü, 'bidhaa ya kulinda mimea'. La kwanza linaeleweka shambani lakini linabeba harufu ya uponyaji. La pili ni sahihi kisheria lakini limepoa. Mfasiri makini atatumia ilaç ili aeleweke, kisha ataongeza zehirli, 'yenye sumu', ili mtu asidhurike.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kituruki hakikufuata njia moja. Kimetohoa, kimeunda na kimeazima viungo vya mwili, na mara nyingi jina lililodumu ni lile lililokubaliwa na wenye mikono juu ya usukani. Kutokana na hayo, mfasiri wa istilahi za mashine anashauriwa kujiuliza maswali manne kabla ya kuandika: Kifaa hiki kinafanya nini? Kiko wapi? Wanaokitumia wanakiitaje? Atakayesoma ni nani?

Swali la tatu ndilo tunalolisahau. Katiba ya mwaka 2010 iliitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na miongozo ya mashine itahitaji kuandikwa. Kabla hatujakaa mezani kubuni jina la shafti ile ya nyuma, twende Narok na Uasin Gishu wakati wa mavuno, tumuulize dereva wa trekta anaiitaje. Huenda jina lipo tayari, na kazi yetu ni kulisikia na kuliandika.