AFYA YAKO: MIKONO KUFA GANZI KWENYE BAISKELI

Wakulima wengi huenda shamba na sokoni kwa baiskeli. Baadhi yao hufika vidole vimekufa ganzi, hasa kidole cha mwisho na cha pete. Usukani ukiwa chini mno, uzito wa mwili huangukia viganja. Mshipa wa fahamu upitao hapo hubanwa. Mkono wenye ganzi haukamati breki vizuri. Hiyo ni hatari.

Fanya hivi:
1. Legeza bolti iliyo juu ya shingo ya usukani. Usiitoe.
2. Weka kipande cha ubao juu ya bolti, ugonge mpaka shingo iachie.
3. Inua usukani ulingane na kiti au uzidi kidogo. Usivuke alama iliyo kwenye shingo. Usukani utaweza kuchomoka njiani.
4. Nyoosha usukani na gurudumu la mbele, kisha kaza.
5. Kama breki ni za vyuma, virekebishe pia. Jaribu breki kabla ya kupanda.

Njiani, kunja viwiko kidogo. Ganzi isipoisha, nenda zahanati.

Maswali
1. Kwa nini vidole hufa ganzi?
2. Kwa nini tusivuke alama ya shingo?