Umefika Ujerumani, Sasa Tafuta Watu

Viza ulipata, chumba umepata, kadi ya bima ya afya imekuja kwa posta. Halafu inafika Jumamosi jioni, umekaa kitandani na simu, unaangalia status za watu wa nyumbani wakiwa harusini. Basi kazi ya pili imeanza: kutafuta watu.

Jambo moja liweke kichwani mapema. Ujerumani urafiki huingia kwa ratiba. Kwetu unapita kwa mtu, unapiga hodi, chai inaongezwa maji. Huku ukibonyeza kengele bila taarifa, mwenyeji atadhani bomba limepasuka. Kwa hiyo chagua sehemu moja, siku moja, saa moja, uwe unaonekana hapo kila wiki. Mara ya kwanza watakuitikia kwa kichwa. Mara ya nne watakuuliza jina. Siku moja mtu atakuuliza mbona wiki iliyopita hukuja. Huyo mshike.

Anza na ngazi za jengo lenu. Huku mgeni ndiye anayejitambulisha, majirani hawaji kukukaribisha. Wiki ya kwanza, jioni kabla ya saa 2 usiku, gonga milango ya karibu. Taja jina lako na ghorofa yako, tabasamu, aga. Dakika mbili zinatosha. Hakikisha jina lako limeandikwa kwenye kengele ya nje, maana huku nyumba hutafutwa kwa jina la ukoo.

Kisha pokea vifurushi vya watu. Msambazaji akikosa mwenye mzigo, mara nyingi humwachia jirani na kutupia kikaratasi kwenye sanduku la barua. Namkumbuka mama wa ghorofa ya pili alivyosimama mlangoni kwangu na kikaratasi chake, amevaa ndala za ndani, anajaribu kusoma jina langu silabi kwa silabi. Nikampa boksi lake, nikamfundisha kulitamka. Krismasi akaniletea sahani ya biskuti alizooka mwenyewe, imefunikwa karatasi ya foili. Sahani hairudi tupu, unajua mwenyewe. Ilirudi na maandazi. Kuanzia hapo nikawa na mtu wa kunisomea barua za ofisini zilizonishinda.

Usimuudhi jirani huyo huyo kwa muziki. Saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni kimya, na Jumapili kutwa usitoboe ukuta kwa drili.

Baada ya jirani, tafuta Verein. Ni chama cha wanachama, na vipo vya kila namna: mpira, kwaya, chess, bustani, hata ufugaji wa sungura. Kukisajili kunahitaji watu 7 tu, ndiyo maana hata vijiji vidogo vinavyo. Andika jina la mji wako mtandaoni pamoja na neno Verein. Kwa michezo omba Probetraining, yaani siku ya kujaribu, ambayo kwa kawaida hulipii. Chagua kitu unachokipenda kiasi cha kutoka nje Januari, giza limeingia saa 11 jioni na vidole vinauma. Kama ulikuwa beki mtaani kwenu, timu ya daraja la chini kabisa haitakupima Kijerumani.

Mazoezi yakiisha, usikimbilie basi. Baki ile nusu saa watu wanapokaa na chupa zao, hapo ndipo majina yanapopatikana. Hunywi pombe? Agiza Apfelschorle, juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji ya gesi. Hakuna atakayekushangaa.

Fika kwa wakati. Na hapa Kijerumani kina mtego kwa sisi tunaohesabu saa Kiswahili. Ukiambiwa halb acht, masikio yatasikia "nane na nusu". Maana yake ni nusu kuelekea nane yao, yaani 7:30, kwetu saa moja na nusu. Ukikosea, unafika saa nzima baadaye na supu imepoa. Uliza tena bila aibu, andika kwa tarakimu.

Kuna Du na Sie, yaani "wewe" wa kawaida na "wewe" wa heshima. Ulilelewa na shikamoo, hili halitakushinda. Mkubwa kwa umri au cheo ndiye anayefungua mlango wa Du, wewe anza na Sie. Kwenye Verein karibu wote ni Du tangu siku ya kwanza.

Kwa lugha, ingia darasa la jioni la Volkshochschule, kituo cha elimu ya watu wazima ambacho kipo karibu kila mji, kwa ada ya kawaida. Wanafunzi wenzako nao ni wageni wenye njaa ya kuongea. Lakini una mtaji mwingine unaoudharau: Kiswahili chako. Vyuo vikuu vya Leipzig, Hamburg, Bayreuth na Köln vinakifundisha, na wanafunzi wanatafuta mtu wa kuongea naye. Bandika tangazo: natoa Kiswahili, natafuta Kijerumani. Mnakutana mara moja kwa wiki, nusu saa lugha hii, nusu saa ile.

Angalia pia kama mji wako una undugu na mji wa kwetu. Würzburg na Mwanza ni miji rafiki tangu 1966, Hamburg na Dar es Salaam tangu 2010. Kwenye shughuli za miji hiyo utakutana na Wajerumani walioshakula ugali na kupotea Kariakoo. Hao huhitaji kuwaelezea mengi.

Waswahili wenzako watafute, wao ndio wanaojua duka lenye unga. Ila usiwape wikendi zote nne. Mimi nilizitoa zote mwaka mzima, na Kijerumani changu kikabaki cha kununulia mkate.

Kazini, siku yako ya kuzaliwa keki unaleta wewe. Usikae ukisubiri kushtukizwa, utasubiri hadi jioni. Na usimpongeze mtu kabla ya siku yenyewe, wanaona ni nuksi. Mimi nilimpongeza mwenzangu Ijumaa kwa kuwa siku yake ilikuwa Jumapili. Uso ukambadilika, akagonga meza ya mbao.

Mkienda kula nje, mhudumu atauliza mlipe pamoja au kila mtu na chake. Kila mtu na chake ndiyo kawaida, hakuna uchoyo hapo. Jihadhari na kauli ya ich lade dich ein, yaani nakualika. Ukiitamka mgahawani, bili ni yako.

Mwisho, alika wewe kwanza. Watu watatu wanatosha. Taja tarehe wiki mbili au tatu kabla, kisha uliza nani hali nyama na nani ana mzio; njugu na maziwa vitajwe kabisa. Wakiuliza walete nini, usijibu "njooni tu". Wape kazi: mmoja saladi, mmoja vinywaji. Pika pilau. Waache wavue viatu mlangoni kama walivyozoea, na usishangae saa moja kamili kengele ikilia wewe bado unakaanga vitunguu.

Wakiwa wanavaa makoti, mmoja atasema lazima tuonane tena. Usiitikie kwa kichwa tu. Toa simu, fungua kalenda, muulize: lini?